Programu ya foto: tulipe au tuchukue ya bure?

Maneno tuliyotoa mbele ya mkutano mkuu wa mutualite, Baraka

 

Komite ilituomba tuseme juu ya mstari mmoja tu wa bajeti, ule ulioleta mabishano katika kikao kilichopita: "programu ya kutengeneza foto". Wengine walisema tununue Photoshop, kwa sababu njo ile watu wa imprimeri wanatumia, na mfadhili anapenda kuona kazi safi. Wengine wakasema ni kutupa pesa, GIMP iko na ni ya bure. Tena kijana mmoja akasema kutoka nyuma kwamba Photoshop yeye anaweza kutuletea kwenye fulashi kwa dola tano. Watu walicheka, lakini tuliona wengine wanaandika namba yake. Basi na yeye tutamjibu leo.

Tuanze na kazi yenyewe. Huwezi kuchagua jembe kama hujaangalia shamba. Mutualite inahitaji foto kwa nini? Kuna kadi za wanachama: sura ya mtu, sentimita 3.5 kwa 4.5. Imprimeri ikitaka nukta 300 kwa kila inchi, hiyo ni foto ya nukta 413 kwa 531, kazi ndogo kabisa. Kuna foto za ripoti: simu ya kawaida siku hizi inapiga foto ya nukta 4000 kwa 3000, na moja inaweza kufika mega tatu, nne au tano. Ukituma kumi kwa mfadhili, umekula mega arobaini za mutualite. Ukizipunguza ziwe na upana wa nukta 1600, kila moja inashuka chini ya mega moja na kwenye ripoti hakuna atakayeona tofauti. Kuna mabango na matangazo ya mikutano. Na kuna kazi mbili nzito ambazo tutazirudia: kuficha sura za watu, na kuponya foto za zamani zilizokuja na sisi kutoka Lugufu na Nyarugusu.

Sasa neno "bure". Hapa watu wanachanganya vitu vitatu.

Bure ya kwanza ni kama GIMP. Wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuitengeneza mwaka 1995, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wanaiendeleza. Toleo la 3.0 lilitoka mwezi wa tatu mwaka 2025. Leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuigawa kwa jirani, kuiweka kwenye mashini kumi, hata kuibadilisha ukijua kazi hiyo. Nakala uliyo nayo mkononi hakuna mtu anaweza kukunyang'anya. Ukishaipakua haihitaji intaneti tena. Na unaweza kuiweka kwa Kifaransa, pamoja na kitabu chake cha maelezo.

Bure ya pili ni ile ya mlangoni. Unaingia bila kulipa, lakini nyumba ni ya mtu. Canva iko hivyo: sehemu yake moja ni bure, nyingine ya kulipia, na mashirika yasiyo ya faida yakikubaliwa yanapewa hata ile ya kulipia bila malipo. Ni nzuri kwa bango la haraka, hatuikatai. Lakini kazi yako inakaa kwao, na siku intaneti imekatika Baraka hapa, au mega zimeisha, unaangalia ukuta. Photopea inafunguka ndani ya kivinjari na inafanana sana na Photoshop. Inajilipa kwa matangazo ya biashara. Snapseed ya kwenye simu ni ya Google, ni ya bure, na inafanya kazi bila mtandao. Wengi wenu mnayo tayari bila kujua inaweza kufanya nini.

Bure ya tatu ni ile ya fulashi ya dola tano. Hiyo si bure na wala si dola tano. Ni programu ya mtu iliyovunjwa kufuli. Jambo la kwanza utakaloambiwa wakati wa kuiweka ni kuzima kinga ya virusi. Sasa jiulizeni: mtu anayekuja nyumbani usiku na kusema "funga mbwa kwanza", anataka nini? Kwenye mashini ya sekretere kuna orodha ya wanachama, kuna namba zao za simu, kuna hesabu ya kotizasio, kuna majina ya wale wanaodai mashamba yao. Na mfadhili akituma mkaguzi, programu ya wizi kwenye mashini aliyoinunua yeye itakuwa swali katika ripoti. Kijana wetu hatumkasirikii, biashara hiyo iko katika kila mji. Lakini jibu letu kwake ni hapana.

Tuje kwenye kulipia. Hatutaki kusema uongo juu ya Photoshop kwa sababu tu haituwezi mfukoni. Ndugu wawili, Thomas na John Knoll, waliianza, toleo la kwanza likatoka 1990, na mpaka leo wanaofanya kazi ya foto kila siku wengi wako nayo. Kwa upande wa rangi za imprimeri ina nguvu kuliko GIMP. Kioo cha mashini kinatumia mwanga wa rangi tatu, imprimeri inatumia wino wa rangi nne, na kutoka huku kwenda kule rangi ya bluu uliyoipenda inaweza kutoka imefifia kama kitambaa cha juani. Photoshop inakuongoza vizuri zaidi katika safari hiyo. Tena ukipeleka faili lake kwenye imprimeri, linafunguka palepale bila maelezo.

Lakini tangu mwaka 2013 kampuni ya Adobe iliacha njia ya zamani, ile ya kununua toleo jipya mara moja likawa lako. Sasa unakodi. Kwa Photoshop peke yake hesabu ni zaidi ya dola 20 kwa mwezi. Tuchukue 20 tu: kwa mwaka ni 240, kwa miaka mitano ni 1,200. Malipo yanataka kadi ya benki, na kese yetu sisi iko kwenye simu na kwenye sanduku lenye kufuli mbili. Tena programu inataka kuingia kwenye intaneti mara kwa mara ili ihakikishe kwamba umelipa.

Wandugu, hapa njo penye moyo wa maneno yetu, na wafadhili watusikilize bila kuudhika. Pesa ya mradi ina tarehe ya kufa. Tumeyaona mengi hapa Fizi: jenereta ambayo mradi ulikuwa unainunulia mafuta, gari lililobaki kwenye mawe. Mkitupa Photoshop ya mwaka mmoja, mwezi wa kumi na tatu sekretere atafungua mashini na atakuta mlango umefungwa. Faili zake zipo, ndiyo. Lakini zile zenye tabaka, alizoziacha katikati ya kazi, zimeandikwa kwa lugha ya programu asiyoweza tena kuifungua. GIMP inafungua faili nyingi za Photoshop, si zote sawasawa. Programu ya kukodi inafaa kwa mtu ambaye foto zinamwingizia pesa ya kukodi. Mutualite haiuzi foto.

Na bei si yako hata ukiipenda leo. Affinity, programu ya Waingereza, ilikuwa inauzwa mara moja tu, watu wakaisifu sana. Mwaka 2024 kampuni ikanunuliwa na Canva, mwaka 2025 programu ikawa ya bure, ila lazima uwe na akaunti ya Canva. Safari hii mabadiliko yalishuka chini. Wanaoamua hawako Baraka, na kesho wanaweza kupanda juu.

Hata hivyo, ya bure nayo ina gharama, na tunaomba iandikwe kwenye bajeti kwa wino, isifichwe. GIMP haijifundishi. Vifaa vyake havikai mahali ambapo mtu wa Photoshop anavitafuta, na siku tatu za kwanza mtu anatukana. Inataka mwalimu, chakula cha mchana cha wanaofunzwa, diski ya nje ya kuhifadhi foto, na betri ya sola inayoweza kushika mashini mpaka jioni. Sisi tungependa dola 240 ziende huko.

Sasa zile kazi nzito.

Kuficha sura. Wanachama wengine wako katika kesi za mashamba. Walirudi wakakuta mtu analima, na foto yao ikitoka kwenye ripoti pamoja na jina la kijiji, tunawaweka mbele ya hatari. Programu zote, ya bure na ya kulipia, zinaweza kuficha sura, na zote zinaweza kukusaliti usipojua. Usitie ukungu mwepesi. Funika sura kwa rangi nzito isiyopenya. Kiisha toa nakala ya .jpg. Ukituma faili la .xcf au .psd lenye tabaka, anayelipokea ataondoa tabaka la juu kama mtu anayefunua sufuria, na sura iko hapo chini. Tena ndani ya faili la foto kuna maandishi yasiyoonekana: saa, aina ya simu, na kama simu ilikuwa imeruhusiwa kujua mahali, basi mahali penyewe kwa namba. Mara nyingine kuna hata kapicha kadogo ka foto ya kwanza, kabla hujafunika kitu. Katika GIMP, wakati wa kutoa nakala ya .jpg, kuna vibanduku vya kuondolea alama: cha Exif na cha kapicha. Viondolewe kila mara. Hakuna dola inayohitajika hapo, ni mtu kufundishwa tu.

Kuponya foto za zamani. Tangu mwaka 2005, HCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, wengi walishuka na bahasha ya foto iliyopigwa na maji. Mama mmoja alituletea foto ya mume wake, doa limekula shavu na nusu ya jicho. Kifaa cha kuponya na kile cha kunakili viko katika GIMP na viko katika Photoshop. Unachukua ngozi safi ya pembeni na kufunika mkwaruzo. Kwa mkwaruzo, vizuri. Lakini jicho lililokwisha liwa hatulitengenezi. Tangu 2023 Photoshop inaweza kujaza sehemu iliyokosekana kwa akili bandia, na inajaza kwa uzuri kweli, lakini jicho hilo ni la nani? Si la mume wa mama yule. Foto hiyo inaweza kutumiwa kutafuta ndugu waliopotezana, na mtoto atakua akidhani hiyo ndiyo sura ya baba. Tulimsafishia pembeni, tukaacha doa la jicho, mama akasema ni sawa, anamjua.

Na makaratasi. Mtu anakuja na atestasio ya shamba au karatasi ya kurudi kwa hiari, imefifia. Kuongeza mwanga na giza kwa ukurasa mzima, tunafanya. Kugusa herufi moja, tarehe moja, hata kama sote tunajua ilikosewa, hatufanyi. Kosa linarekebishwa kwa aliyeandika, na muhuri wake. Siku ambayo itajulikana kwamba biro ya mutualite ina kijana anayebadilisha tarehe, kila karatasi ya kila mwanachama itakataliwa mbele ya jaji.

Tunachopendekeza kwa kura yenu ni hiki: GIMP kwenye mashini mbili za biro, Snapseed kwenye simu za wale wanaopiga foto vijijini, Canva kwa bango la haraka mtandao ukiwepo. Kazi kubwa ya rangi, tuseme kalenda ya mwaka, tumlipe mtu wa imprimeri aliye na Photoshop yake halali, kwa kazi hiyo moja. Foto ya kwanza, ile haijaguswa, ikae kwenye diski ya nje na diski ikae kwa mweka hazina, si biro. Mafunzo ya siku tano, watu sita, na nusu wawe wamama. Tusilete tena orodha ya vijana wanaume peke yao.

Wenye foto za maji, mzilete siku ya mafunzo, tutajifunzia kwazo kama mkiruhusu. Zilizoshikamana msizibandue nyumbani. Zileteni vilevile zilivyo, ndani ya karatasi kavu.