Matope ya Kasulu, Mawe ya Kigoma

Msikilizaji, mwanafunzi wa Kibondo au Kasulu akisikia habari za wenzake kuzamia kwenye matumbawe, hudhani ni mambo ya Mafia na Unguja. Matumbawe hatuna, ni kweli. Lakini tuna Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofikia mita 1,470, na mawe ya ufukweni humo hufanya kazi ileile: ni nyumba ya samaki. Tangu 1998, Mradi wa Nyanza, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Arizona, uliwaleta Kigoma wanafunzi wa Marekani na wa Afrika kulisoma ziwa hilo.

Ukivaa miwani na mrija wa kupumulia, unawaona samaki wadogo wa jamii ya perege wakikwangua mwani kwenye jiwe. Wengi wao hawapo kwingine kokote duniani. Jiwe likifunikwa na tope, mwani unasongwa, na tundu la kutagia mayai linaziba.

Tope linatoka wapi? Huku kwetu juu. Ruchugi unashuka kutoka Kasulu, unakutana na Malagarasi pale Uvinza, kisha safari ni ya ziwani. Kwa hiyo anayelima maharage hadi ukingoni mwa mto anamgusa mvuvi asiyemjua. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingo wa mto. Walimu wa sayansi, wapelekeni watoto ziwani. Na halmashauri, tusaidieni nauli.