Hesabu za Bibi Buss

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Historia ya shule yetu tunaijua sote. Kwa ruhusa yenu, leo nitazungumzia shule ya wasichana isiyo ya serikali, iliyoko London.

Tarehe 4 Aprili 1850, Frances Mary Buss, binti wa miaka 22, alifungua shule katika nyumba moja huko Camden Town, akiwa na wanafunzi 35. Shule hiyo ndiyo North London Collegiate School. Siku zile binti wa wenye nafasi alifundishwa kinanda na kudarizi. Hesabu aliachiwa kaka yake.

Mwaka 1863 Chuo Kikuu cha Cambridge kilikubali, kwa majaribio, wasichana wafanye mitihani yake ya shule. Wengi walianguka hesabu, wakiwamo wa Bibi Buss. Yeye hakusema kwamba bongo za wasichana haziziwezi. Alirudi darasani akarekebisha ufundishaji. Mwaka 1865 mitihani ile ikafunguliwa rasmi kwa wasichana. Mwaka 1875 aliajiriwa Sophie Bryant kufundisha hesabu. Mwalimu huyo alipata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1884, na mwaka 1895 akawa Mwalimu Mkuu.

Tena, shule ilikuwa mali ya Bibi Buss mwenyewe. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliikabidhi kwa wadhamini, na mwaka 1871 akaanzisha Camden School for Girls, ya ada nafuu, kwa wasio na uwezo mkubwa.

Ndugu zangu, mtaniuliza haya yanatuhusu nini. Mwaka niliochaguliwa kuja hapa, dada yangu naye alifaulu. Fedha ilikuwa ya mtoto mmoja. Nikaja mimi. Huyo dada ndiye aliyenifundisha desimali, usiku, kwa mwanga wa koroboi. Leo anauza mchele sokoni, na hakuna awezaye kumpunja chenji. Mimi nina shahada na ofisi ya serikali. Nyumbani hatujawahi kulizungumza jambo hili, na kila Idi anaponiletea mchele wake nashindwa kumtazama usoni.

Mfuko wetu husaidia wavulana wa shule hii peke yao. Najua ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016. Nauli, sare na daftari hazikufutwa. Napendekeza kwamba, kila tunapomsaidia mvulana, tuulize kama ana dada aliyefaulu, na tumsaidie naye. Katiba yetu hairuhusu hivyo, lakini wenye kuibadili ndio sisi tuliomo humu ukumbini.

Mchango wangu wa kwanza nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina. Nimeuandikisha kwa jina la dada yangu.