Baiolojia ya Kidato cha Tano Yataka Vitendo, Si Kukariri Pekee

Nasaha za Afisa Elimu Sekondari kwa wanafunzi wapya wa kidato cha tano na wazazi wao



Mliochaguliwa kusoma tahasusi za PCB na CBG, hongereni. Mmepokea heshima, na pamoja nayo mzigo. Baiolojia ya kidato cha tano na cha sita haiko mbali na ile ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu: seli, vimeng'enya, usanisinuru, urithi na mageuko. Anayetamani udaktari hana budi kupita mlango huu.

Wengi huingia na mazoea ya kukariri. Mwanafunzi aweza kuandika kwa Kiingereza kwamba joto kali huharibu vimeng'enya, asijue maana yake. Hebu, mbele ya mwalimu, achukue vipande viwili vya kiazi mviringo, kimoja kibichi na kingine kilichochemshwa, avidondoshee haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuoshea vidonda iuzwayo katika maduka ya dawa. Kibichi kitatoa povu, kwa kuwa kimeng'enya kilichomo huivunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Kilichochemshwa kitatulia, kwa sababu joto limekwisha kubadili umbo la kimeng'enya hicho. Aliyeliona jambo hili na kuuliza sababu yake hatalisahau upesi.

Nchini Marekani, shule za sekondari zinazofundisha Baiolojia ya ngazi ya chuo chini ya College Board hutakiwa kutenga angalau asilimia 25 ya muda wa masomo kwa kazi za maabara. Hapa kwetu, karatasi ya 3 ya mtihani wa Taifa wa kidato cha sita ni ya vitendo. Haifai mwanafunzi akutane na hadubini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wakuu wa shule, fungueni maabara tangu muhula wa kwanza. Wazazi, katika vikao vya shule msiulize alama tu. Ulizeni pia mtoto amefanya majaribio mangapi. Wanafunzi, kila mmoja awe na daftari la majaribio, aandike alichokiona hata kisipolingana na kitabu. Kisha mjadiliane kwa lugha mnayoielewa kabla ya kujibu kwa Kiingereza.

Vifaa vikubwa vitasubiri bajeti. Kiazi, kisu na chupa ya dawa havina haja ya kusubiri.