Umri wa Injini Hauhesabiwi kwa Miaka



Kazi yangu ni ufundi wa injini za ndege. Mwaka 2022 baadhi ya ndege za Airbus A220 za Air Tanzania ziliegeshwa, kwa kuwa injini zake zilichakaa kabla ya wakati. Mashirika ya nchi nyingine yalipatwa vile vile.

Hapa Bariadi fundi wa kiwanda cha pamba hugusa mashine kwa mkono, akajua inachemka. Ndani ya injini ya ndege, penye joto la nyuzi zaidi ya 1,500 za Selsiasi, mkono haufiki. Hutumwa vihisi, yaani vipimo vidogo vya joto na mtetemo. Injini mbili zilizotengenezwa siku moja, moja ikifanya kazi penye vumbi, hazizeeki sawa. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kuvipachika vihisi ndani ya chuma chenyewe, ili kila kipande kieleze yaliyokipata.

Lakini kipimo hakiamui. Huamua mtu anayeandika kweli, hata kama safari itavunjika. Vijana, shikeni fizikia na hisabati; na katika maabara andikeni mlichokiona, si mlichotarajia. Maisha ya abiria yatakuwa mikononi mwenu.