Ukichukua kadi ya kura, unapoteza paa: somo la Georgia kwa vijana wetu

Nimepewa dakika tano tu, naingia moja kwa moja.

Dar es Salaam ilipangwa kwa rangi. Mkoloni alitenga Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ikapata viwanja vikubwa na barabara, Mwafrika akasukumiwa Kariakoo na Ilala. Mkoloni kaondoka, ramani imebaki. Mwenye kiwanja kilichopimwa ana hati ya miaka 33, 66 au 99. Mama lishe wa Tandale akibahatika anapata leseni ya makazi ya miaka michache tu. Halafu tunashangaa bomoabomoa inaanzia kwake?

Sasa sikilizeni ya Marekani. Miaka ya 1960, kusini mwa Georgia, familia za Weusi waliokaa kwenye mashamba ya wazungu zilikuwa zinafukuzwa. Kosa lao? Kujiandikisha kupiga kura. Charles Sherrod, mkewe Shirley na wenzao wakaona wazi: anayelala kwenye nyumba ya bwana hawezi kuwa huru kwenye sanduku la kura. Mwaka 1969 wakaanzisha New Communities, wakanunua karibu ekari 5,700. Ardhi inabaki mali ya jamii, haiuzwi. Familia inapewa mkataba mrefu wa kuishi na kulima.

Wakategemea fedha za serikali kuu wajenge vijiji, gavana Lester Maddox akazizuia. Ukaja ukame. Wakaomba mkopo wa dharura kwenye Wizara ya Kilimo, wakazungushwa wee, huku wazungu wanapewa. Mwaka 1985 ardhi yote ikaenda. Lakini hawakulala. Wakaungana na wakulima Weusi walioishtaki wizara, na mwaka 2009 wakashinda fidia ya dola milioni 12. Mwaka 2011 wakanunua shamba jingine, ekari zaidi ya 1,600, ambalo zamani lilikuwa la bwana mwenye watumwa!

Tunajifunza nini? Kwanza, wanyonge wakimiliki ardhi kwa pamoja, ni vigumu kuwatisha mmoja mmoja. Pili, umoja bila mkopo wa haki unakufa njaa. Hata hapa kwetu, waliobomolewa Kurasini kupisha bandari walijichanga, wakanunua ardhi Chamazi na kujenga. Kwa hiyo uwezo wa watu upo. Kinachokosekana ni serikali kuwapa hati ya pamoja na mikopo isiyouliza kadi ya chama.

Kazi ya wiki hii: kila mmoja aende ofisi ya serikali ya mtaa wake. Uliza leseni ngapi zimeisha muda, na urasimishaji umefikia wapi. Andika majibu, leta kwenye kikao. Tukiomba kura uchaguzi ujao, twende na takwimu za mtaa, siyo kelele.