Kiti cha Uongozi si Shamba la Urithi



Wanaparokia wapendwa, viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu,

Tumeombwa tuzungumze juu ya mlei na siasa. Wengi wetu husema kwamba siasa ni mchezo mchafu, kisha tunajitenga. Na wale tuliowaachia uwanja ndio wanaotuamulia juu ya maji, barabara na zahanati. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kinyume cha hayo: kwamba siasa ni kazi ngumu lakini yenye heshima, na anayeifaa yampasa kujiandaa kuifanya bila kutafuta faida yake mwenyewe. Ili tusibaki katika maneno matupu, tuwatazame watu wawili wa mashambani walioishi katika kaunti moja, Fort Bend, jimbo la Texas, nchini Marekani.

Wa kwanza ni Hilmar Moore, mfugaji wa ng'ombe wa Richmond, mji mdogo kando ya mto Brazos. Aliteuliwa kuwa meya mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 29. Tangu hapo wapiga kura walimrudisha tena na tena, hata akafariki akiwa madarakani Desemba 2012, mwenye umri wa miaka 92. Miaka 63 katika kiti kimoja! Alipoanza, mji ulikuwa na watu 2,000 hivi. Mwaka 2010 walizidi 11,000. Hapa tunajifunza jambo jema: mtu anayejilisha kwa jasho lake hana haja ya kuigeuza ofisi kuwa ghala lake, na anayekaa na watu wake huwajua kwa majina.

Wa pili ni Willie Melton, mkulima Mweusi. Tangu mwaka 1889, chama kilichoitwa Jaybird kilikuwa kikiendesha katika kaunti hiyo uchaguzi wake wa awali, wa Wazungu peke yao. Kilijitetea kwamba ni klabu ya watu binafsi, isiyobanwa na sheria za uchaguzi. Lakini aliyeshinda humo, karibu kila mara, alipata cheo cha kaunti bila mpinzani. Hivyo raia Mweusi aliruhusiwa kupiga kura siku ambayo shauri lilikwisha kukatwa. Melton, pamoja na Arizona Fleming na wenzao, walikwenda mahakamani. Mwaka 1950 mahakama ya kwanza iliwapa haki, mahakama ya rufani ikaitengua. Wao hawakukata tamaa. Tarehe 4 Mei 1953 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 8 dhidi ya 1, iliamua kwamba utaratibu ule ulivunja Katiba.

Hatuyasemi haya ili kumhukumu meya Moore. Tunayasema kwa sababu wingi wa miaka hautoshi kupima uongozi. Yatupasa kuuliza pia: ni nani hakuketishwa barazani? Melton hakuwa na kiti, lakini aliwafungulia wengi mlango. Tena, Moore alipofariki, kiti chake kilishikwa na mjane wake, Evalyn. Huenda mama huyo alistahili. Hata hivyo sisi tujiulize kama tumewaandaa vijana, au tumezoea jina moja hata tukasahau kwamba uongozi ni dhamana. Wakili hukabidhiwa mali ili aitunze, naye atatoa hesabu.

Ndugu zetu, kosa hili si la wanasiasa peke yao. Tazameni jumuiya zetu: mwenyekiti yule yule, mweka hazina yule yule, na daftari la mapato ambalo halijasomwa mbele ya waumini.

Kwa hiyo, wiki hii kila jumuiya itafakari maswali matatu. Je, kiongozi wetu hutoa hesabu bila kulazimishwa? Je, wanawake, vijana na maskini husikilizwa kabla uamuzi haujafanyika, au huitwa kupiga makofi tu? Na je, ni nani tunayemlea leo ili apokee kesho?

Mungu awabariki nyote.