Somo la Kuandika Vipimo: Mkate wa Kumimina

Fungueni madaftari yenu, mshike kalamu. Leo tutaandika vipimo vya mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia. Ni mkate mtamu wa mchele na nazi. Hupikwa pwani yetu yote, toka Lamu na Mombasa hata Unguja na hapa Dar es Salaam, hasa mwezi wa Ramadhani.

Marehemu bibi yangu aliupika vizuri sana, lakini hakujua kuandika. Mchele alipima kwa kibaba, sukari kwa kiganja. Nilipomwuliza, "Bibi, sukari kiasi gani?" alijibu, "Mpaka moyo uridhike, mjukuu wangu." Alipofariki, mimi mwenye diploma nikajaribu kuupika siku ya futari. Nilitia tui la moto sana. Hamira ikafa, mkate ukatoka kama tofali, na wageni wamekaa mkekani wanangoja. Mchele, nazi na sukari, vyote hasara.

Basi andikeni. Mchele, vikombe 2. Uoshe, uuloweke usiku kucha. Ukienda Kariakoo utapimiwa kwa kilo. Wazee walihesabu vibaba 4 kuwa pishi 1. Nyumbani tumia kikombe kimoja tu, kile kile, kwa kila kitu.

Tui zito, kikombe 1 na nusu. Kuna nazi yenye tui jingi na nazi yenye tui dogo, kwa hiyo usihesabu nazi, pima tui. Liwe vuguvugu: tia kidole, kisiungue. Hapa ndipo nilipokosea mimi, pigeni mstari chini ya neno hilo.

Sukari, robo tatu ya kikombe. Hamira, kijiko 1 cha chai. Iliki iliyotwangwa, nusu kijiko.

Chuja maji ya mchele, kisha usage pamoja na tui mpaka ulainike kabisa. Tia sukari, hamira na iliki. Rojo liwe zito kama uji, maana likiwa jepesi haliumuki. Funika, uliache mpaka liumuke mara mbili ya lilivyokuwa. Usilichelewe, litashuka.

Pasha sufuria yenye mafuta kidogo, mimina rojo polepole. Funika kwa bati, upalie makaa juu. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu uzidi. Choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, ipua.

Kazi ya nyumbani. Mwendee mama au bibi anayepika kitu kitamu kwa kukisia. Mwombe ateke sukari kwa kiganja chake, kama siku zote, aimimine ndani ya kikombe chako. Tazama imefika wapi. Andika namba hiyo, na chini yake andika jina lake.